Maji Kifuani: Dawa, Sindano au Mpira? Ulinganisho kwa Familia za Lamu na Malindi

Mtu akiambiwa ana maji kifuani, jamaa zake huuliza swali moja: yatatolewa lini? Mimi ni muuguzi wa wodini, na swali hilo nimelisikia miaka mingi kwa watu wa Malindi mjini, wa Mpeketoni, na kwa wale wanaovushwa kwa boti kutoka Lamu hadi Mokowe kabla ya kuianza safari ya barabara. Kila mara mimi hujibu kwa swali jingine: ni maji gani? Uchaguzi wote unaanzia hapo. Mgonjwa wa moyo anaweza kuchomwa sindano leo na kesho kutwa na maji yakarudi, kumbe dawa ya kukojoza ingeyamaliza. Mwenye usaha naye anaweza kumezeshwa vidonge wiki nzima huku akidhoofika, kumbe alihitaji mpira, ule mrija wa kutolea maji kifuani, siku ile ile aliyofika.

Ninamwandikia yule ndugu anayekaa kando ya kitanda na kuletewa fomu atie sahihi. Haya hayachukui nafasi ya daktari aliyemwona mgonjwa wako. Yatakusaidia kumwuliza yanayofaa, na kuelewa kwa nini mgonjwa wa kitanda cha pili ametolewa maji na wako hajatolewa.

Maji haya yanakaa wapi

Pafu limefunikwa na utando mwembamba, na ukuta wa kifua kwa ndani una utando wake. Katikati ya tando hizo mbili mtu mzima mwenye afya ana maji kidogo sana, mililita 10 hadi 20 tu, ya kulainisha pafu linapotanuka na kunywea. Ugonjwa ukiingia, maji hayo hufika lita moja, mbili, hata zaidi, na pafu likakosa nafasi. Mgonjwa hupumua juu juu, hawezi kulala chali, akipanda ngazi chache hukaa chini.

Wengine huanza na kichomi, maumivu makali ya ubavuni kila wanapovuta pumzi. Kisha siku moja maumivu hupungua na familia ikashukuru Mungu. Tahadhari hapo. Huenda kichomi kimetulia kwa sababu maji yameongezeka na zile tando hazisuguani tena. Kichomi kikipungua huku pumzi zikizidi kuwa fupi, mpelekeni hospitali.

Chanzo kinaweza kuwa TB, nimonia, moyo ulioshindwa kusukuma damu, figo, ini au saratani. Wako wanaopitia kwanza kwenye hijama. Siwalaumu, maana mtu anayebanwa kifua hutafuta nafuu karibu na nyumbani. Lakini chuku hutoa damu ya ngozini, na maji haya yako nyuma ya mbavu, haiyafikii. Ikiwa ndani kuna usaha, kila siku inayopita unazidi kuwa mzito na mgumu kutoka.

Eksrei, altrasaundi au CT

Kipimo cha kwanza ni mikono na masikio ya mhudumu. Akigonga mgongo kwa vidole, upande wenye maji hutoa sauti nzito iliyozibwa, na kwenye stethoskopu pumzi haisikiki au husikika kwa mbali. Mhudumu asiyemgusa mgonjwa na kukimbilia kuandika picha, mwombe kwa adabu amsikilize kifua kwanza.

Picha ya eksrei hupatikana kwa urahisi kuliko vipimo vingine vya picha na huonyesha kifua kizima kwa pamoja: ukubwa wa moyo, makovu ya TB ya zamani, uvimbe, upande ulioathirika. Udhaifu wake ni mambo mawili. Mgonjwa akipigwa akiwa amesimama, maji huanza kuonekana yakifika kama mililita 200; yakiwa pungufu ya hapo yanaweza kujificha. Akipigwa akiwa amelala, maji husambaa mgongoni na picha nzima ikawa na ukungu wa kijivu usioeleweka. Kwa hiyo kama mgonjwa anaweza kukaa au kusimama, hata kwa kushikiliwa, msaidieni asimame. La pili, weupe kwenye eksrei si lazima uwe maji. Pafu lililoziba kwa nimonia au lililosinyaa hutoa weupe unaofanana sana.

Altrasaundi hujibu hapo hapo kama ni maji au si maji. Huona hata mililita 20. Huonyesha pia kama maji ni mepesi na huru au yamegawanyika kwa kuta ndogondogo kama sega la asali, jambo ambalo hata CT, ile picha ya kompyuta inayoonyesha mwili vipande vipande, huweza kulikosa. Haina mionzi, kwa hiyo mama mjamzito hana la kuogopa, na mashine ndogo inaweza kuletwa hadi kitandani. Kasoro yake ni kwamba inategemea mkono wa anayeipima, na haioni kilichojificha ndani ya pafu lenye hewa.

Kuna jambo hapa ambalo ningependa kila familia ilijue. Mara nyingi mgonjwa hupelekwa chumba cha picha, anapimwa, anawekewa alama ya kalamu mgongoni pa kuchomwa, kisha anarudishwa wodini kwa kiti cha magurudumu na sindano inachomwa baada ya saa kadhaa, pengine siku ya pili. Wakati huo amekaa mkao mwingine, ngozi imesogea, maji yamehama, na ile alama haielekezi tena mahali palipopimwa. Altrasaundi inayofaa ni ya wakati ule ule wa kuchoma, mgonjwa akiwa katika mkao ule ule. Ndiyo inayopunguza hatari ya kutoboa pafu. Fedha zikitosha kipimo kimoja tu zaidi ya eksrei, mimi ningezitia hapo.

CT ni ya baadaye. Inafaa saratani ikishukiwa, usaha ukikataa kutoka, au ikishukiwa damu iliyoganda kwenye mishipa ya mapafu, na kwa hilo la mwisho isicheleweshwe. Dawa inayodungwa ili picha ionekane vizuri inaweza kulemea figo zilizochoka, kwa hiyo kipimo cha figo hutangulia. Sioni sababu ya kumsafirisha mzee hadi Mombasa kwa CT wakati bado hajachotwa hata bomba moja la sindano kwa ajili ya maabara.

Sampuli: hapa usikubali kurukwa

Nimeona wagonjwa waliotolewa lita nzima, maji yakamwagwa, mgonjwa akaruhusiwa kwenda nyumbani akipumua vizuri. Baada ya wiki mbili amerudi, kifua kimejaa, na hakuna anayejua ugonjwa. Inaniumiza kila nikikumbuka, kwa sababu jibu lilikuwa mkononi. Mililita 50 zinatosha kwa vipimo vyote vya kawaida.

Macho yenyewe huanza kusema. Maji ya manjano hafifu yanayopitisha mwanga huonekana katika TB, moyo, ini na magonjwa mengine mengi, kwa hiyo rangi hiyo peke yake haitoshi. Yakiwa na damu, madaktari hufikiria saratani, jeraha, TB au damu iliyoganda mapafuni. Yakiwa meupe ya maziwa, huenda mrija wa mafuta ulio kifuani umepasuka au umezibwa. Yakiwa usaha, mazito na yenye harufu mbaya, mjadala umekwisha: mpira uwekwe.

Kisha maabara. Mwaka 1972 daktari Mmarekani Richard Light na wenzake walionyesha njia ya kuyagawa maji haya kwa makundi mawili, na hadi leo ndiyo inayotumika. Hupimwa protini na kimeng'enya kiitwacho LDH katika maji na katika damu, kisha vinalinganishwa. Protini ya maji ikizidi nusu ya protini ya damu, au LDH ya maji ikizidi 0.6 ya ile ya damu, au ikizidi theluthi mbili ya kiwango cha juu cha kawaida cha damu, basi ugonjwa uko kwenye tando zenyewe: TB, nimonia, saratani. Viwango vikiwa chini, tando ni nzima na tatizo liko kwingine, moyo, ini au figo. Kwa hiyo damu nayo itolewe siku hiyo hiyo, maana bila damu hakuna cha kulinganisha. Angalizo moja: mgonjwa wa moyo aliyekunywa dawa ya kukojoza kwa siku kadhaa anaweza kutoa majibu yanayofanana na ya kundi la kwanza. Mwambieni daktari dawa zote alizokunywa.

TB ndiyo inayowachanganya wengi. Hospitali za Kenya hutumia mashine ya GeneXpert, na kwa makohozi ni kipimo kizuri. Kwa maji ya kifuani hukosa wagonjwa wengi, kwa sababu wadudu ndani ya maji huwa wachache mno. Karatasi ikiandikwa kwamba TB haikuonekana kwenye maji, TB bado haijafutwa. Daktari huangalia mambo kwa ujumla: homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, seli za maji zikiwa nyingi za aina ya limfosaiti, chembe nyeupe za kinga, na kipimo cha ADA, kimeng'enya kingine cha maji hayo, kikizidi uniti 40 kwa lita. Si kila maabara hufanya ADA. Ulizeni mapema inapelekwa wapi. Makohozi yapelekwe pia, hata kama mgonjwa hakohoi sana na hata kama picha haionyeshi kidonda mapafuni.

Saratani nayo hutafutwa kwa kuangalia seli za maji kwa hadubini. Sampuli ya kwanza hugundua takriban wagonjwa 60 kati ya 100 wenye saratani kwenye tando hizo. Ya pili huongeza wachache, ya tatu haina faida kubwa. Majibu yakitoka safi mara mbili na shaka ikabaki, ni afadhali kukatwa kinyama kidogo cha utando kwa sindano maalumu au kwa kamera kuliko kuendelea kuchota maji.

Ikiwa ni ninyi mnaoibeba sampuli kwenda maabara ya nje, isikae juani kwenye mfuko wa plastiki mkisubiri boti. Iwe na jina na tarehe, muiweke kwenye kibebeo chenye barafu, barafu isiguse chupa, na mtu mmoja awajibike nayo hadi ipokelewe. Lakini ulizeni kwanza, kwa sababu ya kuoteshwa wadudu inaweza kuwa na masharti tofauti.

Dawa peke yake, au sindano?

Moyo ukiwa ndio chanzo, maji huwa pande zote mbili, miguu imevimba, na mgonjwa hulala akiwa ameinuliwa kwa mito. Huyu kwa kawaida hatobolewi. Hupewa furosemaidi, ile dawa ya kukojoza, pamoja na dawa za moyo, na maji hupungua ndani ya siku chache. Nyumbani kazi kubwa iko jikoni. Papa mkavu, ng'onda na achari vina chumvi nyingi, na mgonjwa anayejaa maji kila baada ya mwezi mara nyingi sababu iko kwenye sufuria. Mama wa nyumba asione hilo kama lawama. Aambiwe waziwazi na apewe nafasi ya kubadili mapishi.

Sindano huingia kwa mgonjwa wa moyo ikiwa maji yako upande mmoja tu, kuna homa, kuna kichomi, au siku tatu za dawa hazijaleta nafuu. Huenda basi kuna ugonjwa wa pili umejificha nyuma ya moyo.

Figo nayo hutibiwa kwenye figo, kwa dawa au kwa kusafishwa damu. Na kwa ini lililosinyaa nina neno moja la kusisitiza: maji yake yanaweza kuchotwa kwa sindano ili apumue, lakini kumwacha na mpira kifuani ni hatari, kwa kuwa hupoteza protini na chumvi za mwili kila siku na mpira haumalizi kazi. Mkiletewa fomu ya mpira kwa mgonjwa wa namna hiyo, ulizeni kwa upole kama ini limezingatiwa.

TB iko katikati. Sindano inahitajika kwa ajili ya sampuli, na kama mgonjwa anabanwa pumzi hupunguziwa maji. Baada ya hapo ni dawa. Miezi 6: miwili ya mwanzo ni dawa nne kwa pamoja, na minne inayofuata ni mbili. Hospitali za serikali hutoa bila malipo. Mkojo hugeuka rangi ya machungwa kwa sababu ya rifampisini, na hilo si damu wala dalili mbaya. Macho yakiwa manjano au akitapika mfululizo, arudi kliniki mara moja, maana huenda ini limeguswa. Wengi wenye TB ya aina hii hawahitaji mpira kabisa. Maji hukauka taratibu dawa zikifanya kazi, pengine kwa wiki nyingi, na homa inaweza kuendelea siku kadhaa baada ya kuanza. Familia huingiwa na hofu hapo na kuomba atobolewe tena. Akiwa anapumua vizuri, subirini. Kipimo cha HIV hutolewa kwa kila mgonjwa wa TB, na kukubali mapema ni bora kuliko baadaye. Ramadhani ikimkuta katika matibabu, azungumze na kliniki kabla ya kufunga, asibadili saa za dawa kwa kukisia.

Sindano au mpira?

Kwa sindano, mgonjwa hukaa ukingoni mwa kitanda, mikono imeegemea mto juu ya meza. Mgongo husafishwa, dawa ya ganzi hudungwa, kisha sindano hupitishwa juu ya ubavu, si chini yake, kwa sababu mshipa wa damu na neva hupita kwenye ukingo wa chini wa kila ubavu. Anachohisi ni kusukumwa zaidi ya kuchomwa. Aseme mapema akitaka kukohoa, asijikaze kwa heshima.

Kijana mmoja aliniuliza, mamake ameegemea ule mto, "Sista, mbona mnafunga? Si bado yapo?"

"Yapo, mwanangu. Leo yametoka lita moja na nusu. Tukiendelea, pafu lililobanwa siku zote hizi litafunguka ghafla na lenyewe lijae maji kwa ndani. Tutarudia kesho."

Mama akasema bila kuinua kichwa, "Waache wafanye kazi yao, baba. Nimeshapata pumzi."

Lita moja na nusu kwa mkupuo ndicho kikomo cha kawaida, na pungufu ya hapo kama mgonjwa anaanza kukohoa mfululizo au kuhisi kifua kinakaza. Faida ya sindano ni kwamba kazi huisha ndani ya saa moja na mgonjwa huweza kurudi nyumbani. Kasoro ni kwamba chanzo kisipotibiwa maji hurudi, na kila mchomo una hatari yake ndogo ya kuvuja damu, kuingiza hewa au wadudu.

Mpira ni kwa maji yasiyoweza kungoja. Usaha. Maji ya nimonia yenye pH, kipimo cha uchachu, chini ya 7.2, au sukari iliyo chini ya 3.3 mmol/L, hata kama bado hayajawa usaha. Damu baada ya ajali. Huingizwa ubavuni, chini ya kwapa, kwa ganzi, na hukaa siku kadhaa. Mwembamba huuma kidogo kuliko mnene, na kwa wengi hufanya kazi sawa, basi si vibaya kuuliza kama upo. Pamoja nao huenda antibayotiki kwa wiki 2 hadi 6, sindano kwanza na vidonge baadaye. Msivikatize kwa kuwa homa imeshuka.

Chupa iliyo chini ya kitanda ina kazi mliyo na haki ya kuielewa. Ncha ya mpira imezama kwenye maji safi, kama sentimita 2. Mgonjwa akivuta pumzi, maji ndani ya kibomba hupanda, akitoa, hushuka. Mapovu yakitoka, hewa inatoka kifuani. Maji ya kibomba yakisimama kabisa, ama pafu limetanuka vizuri ama mpira umejikunja au umeziba, kwa hiyo mwiteni muuguzi aangalie. Chupa haipandishwi kitandani wala kulazwa. Daima chini ya kifua, imesimama.

Usaha uliokwisha kujitengenezea vyumba hautoki kwa mpira peke yake. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa 2011 ulionyesha kwamba dawa mbili zikipitishwa pamoja kwenye mpira, moja ya kuyeyusha mabonge na nyingine ya kulainisha usaha, husaidia, na kila moja peke yake haikufaa. Ni ghali na si hospitali nyingi huwa nazo. Njia nyingine ni upasuaji wa kusafisha tando. Ninachoomba ni kwamba mgonjwa ambaye baada ya siku tano au saba za mpira na antibayotiki bado ana homa na picha haijabadilika, apelekwe kwa daktari mpasuaji wa kifua. Asiongezewe wiki nyingine ya kungoja wodini.

Kwa mtoto, fanyeni haraka zaidi. Mtoto aliyetibiwa nimonia siku mbili na homa haishuki, apigwe picha tena au altrasaundi. Chanjo ya nimokoka, iliyoingizwa kwenye chanjo za watoto Kenya mwaka 2011, inalinda dhidi ya chanzo kikubwa cha nimonia kali. Kadi ya kliniki ikaguliwe.

Maji ya saratani yanayorudi

Hapa uchaguzi ni wa familia kweli, kwa sababu njia mbili kuu zinakaribiana. Ya kwanza ni kuyakausha maji, kisha kupaka unga wa talki kwenye zile tando ili zishikane na nafasi isibaki. Hulazwa siku chache, huuma na huleta homa kidogo, lakini ikishika, imeshika. Pasipo na talki, ayodini hutumika, nayo ni rahisi kupatikana. Ya pili ni mpira mwembamba laini unaopitishwa chini ya ngozi na kubaki miezi, na mtu wa nyumbani hufundishwa kuyatoa maji mara chache kwa wiki kwa chupa maalumu. Utafiti wa 2012, nao wa Uingereza, uliwalinganisha wagonjwa wa njia hizi mbili: kupungua kwa kubanwa pumzi kulikuwa sawa, wa mpira wa nyumbani walikaa hospitali siku chache zaidi, ila walipata madhara mengi zaidi.

Karatasi za Uingereza hazijui Faza. Mgonjwa wa kisiwani Pate atapata wapi zile chupa wiki ya sita, na nani atauangalia mpira ukiwa mwekundu usiku? Kwa huyo ningependelea safari moja ya Mombasa na talki au ayodini, mradi pafu lake bado linaweza kutanuka hadi ukutani. Pafu lililobanwa na gamba gumu halitanuki, na hapo kupaka hakutashika. Mpira wa nyumbani ndio unaobaki. Aliye Malindi mjini, karibu na muuguzi, na aliyechoka na wodi, ana sababu nzuri ya kuchagua mpira. Na mgonjwa ambaye siku zake ni chache ana haki ya njia ya tatu, sindano ya hapa na pale nyumbani kwao, bila kusafirishwa. Aulizwe yeye mwenyewe. Mara nyingi watoto huamua mlangoni na mzee yuko ndani anasikia.

Kubaki au kusafiri

Eksrei, sampuli, sindano ya kawaida, dawa za TB na za moyo havihitaji safari ndefu. Aliye kisiwani aanzie King Fahd, hospitali ya kaunti pale Lamu, na wa Malindi aanzie hospitali ya serikali ya mjini. Safari ya Kilifi au ya Makadara, hospitali kuu ya pwani huko Mombasa, iwe na jambo mahususi linalofuatwa: CT, kamera, mpasuaji wa kifua, talki. Kabla ya kuondoka mwombeni daktari apige simu kuhakikisha huduma hiyo ipo siku hiyo, na mbebe barua ya rufaa, picha zote na majibu ya maabara, si maelezo ya mdomo tu. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Usajili wa mgonjwa na michango yake vikaguliwe mapema, si dirishani usiku.

Mwenye mpira kifuani akisafiri kutoka Lamu, mtu mmoja asibebe kingine chochote ila ile chupa. Kwenye mkokoteni hadi gatini, kwenye boti, kwenye gari kutoka Mokowe kupitia Witu na Garsen, chupa iwe chini ya kifua na wima, katikati ya miguu ya aliyeishika. Mpira unaotoa mapovu usibanwe kwa koleo safarini, kwa maana hewa iliyokosa njia hulibana pafu na moyo. Chupa ikivunjika botini, ncha ya mpira itumbukizwe kwenye chupa yoyote ya maji safi ya kunywa, kama sentimita 2, na safari iendelee. Kwa hiyo bebeni maji ya akiba. Na anayefikiria ndege kutoka Manda amwulize daktari kwanza kama kuna hewa iliyobaki kifuani. Ndege ikipaa, hewa hiyo hutanuka.

Baada ya kurudi nyumbani, kwa njia yoyote iliyotumika, mgonjwa arudishwe hospitali siku hiyo hiyo akibanwa pumzi ghafla, akikohoa damu, akipata homa mpya, kidonda kikitoa usaha, au akivimba karibu na kidonda na ngozi ikitoa sauti ya kukwaruza inapobonyezwa, kwani hiyo ni hewa iliyoingia chini ya ngozi. Asiye na dalili hizo apigwe eksrei nyingine kwa tarehe aliyopewa, hata kama anajisikia vizuri kabisa, na picha ya zamani iende naye ili zilinganishwe.